Kuku wa Juu ya Birika

Shangazi yangu alikuwa ameshika kalamu, na ncha yake imekwisha gusa karatasi, alipoinua uso akamwambia wakili, "Hapa siwezi, mwanangu. Hapa mtanifanya nimuongopee Mungu."

Wakili alinitazama mimi. Mimi nilitazama dari. Tulikuwa ghorofani katikati ya mji wa Tanga, juu ya duka la vitambaa, katika ofisi yenye feni inayozunguka kwa kujilazimisha, na nilikuwa nimembembeleza shangazi miezi kadhaa mpaka akakubali kupanda zile ngazi. Ilibaki saini moja tu. Sasa Mungu ameingizwa, na Mungu akishaingizwa na shangazi yangu, watu hurudi nyumbani wakale, waje kesho.

Jambo lililotupeleka pale lilikuwa hili. Shangazi alikuwa mtengenezaji wa achari ya ndimu, na chupa zake zilijulikana kuanzia Usagara kwetu hadi ng'ambo ya Pangani kwa sababu ya nembo yake: kuku jike aliyelala juu ya birika. Aliichora mwenyewe kwa kalamu ya risasi, siku alizokuwa na kuku mmoja mkaidi aliyekataa kutaga popote isipokuwa juu ya birika la maji ya kutawadha. Mchoro wenyewe si mzuri. Kuku ana shingo ya bata, na birika limeinama upande kama lina kizunguzungu. Lakini watu waliupenda, wakawa wanaingia dukani na kusema tu, "Nipe ya kuku." Wageni walikuwa wakiuliza kama mna nyama ndani.

Nembo ile ilikuwa imesajiliwa kisheria, kwa jina la shangazi. Mimi ndiye niliyejaza fomu zote miaka iliyopita, nikipigana na mtandao unaokatika kila nikifika ukurasa wa mwisho. Mimi ndiye niliyekuwa nikikata ndimu, nikianika, nikipika, nikifunga chupa. Vidole vyangu vilikuwa vimebabuka kwa chumvi na ndimu kiasi kwamba simu yangu ilikuwa haitambui tena alama ya kidole gumba. Kwa sheria, hata hivyo, kuku alikuwa wa shangazi, na shangazi alikuwa anakwenda hija.

Watu wazima wakienda hija huaga kama wasiorudi, na ndivyo inavyotakiwa. Shangazi hakuwa na mtoto. Mungu angemchukua hukohuko, mrithi wake angekuwa ndugu yake aliyebaki, yaani baba yangu mdogo anayeishi Dar es Salaam. Mimi ni binti wa kaka aliyetangulia, na katika hesabu ya mirathi binti wa kaka hana fungu. Baba mdogo alikuwa amekwisha pata mnunuzi, bwana mmoja mwenye kiwanda cha sosi ya nyanya. Alimtaka kuku tu. Achari hakuitaka. Sikuweza hata kumfikiria kuku wetu kwenye chupa ya sosi ya nyanya. Nilikuwa na umri wa kutosha kutoanza maisha upya, na sikuwa na kazi nyingine yoyote niliyoijua. Basi hati ya kuhamisha nembo, kutoka kwake kuja kwangu, ilikuwa lazima isainiwe kabla hajaondoka. Wiki tatu zilibaki.

"Tatizo liko wapi, mama?" wakili aliuliza. Alikuwa binti wa nyanda za juu, mwenye sauti ya upole na viatu virefu, hajamaliza hata mwaka Tanga.

Shangazi aliweka kidole kwenye kifungu cha nne. Kilisema kwamba mhamishaji anatamka hajapata kumpa, kumuuzia wala kumwahidi mtu mwingine yeyote alama hiyo.

"Kwani umewahi kumpa mtu?"

Shangazi akaanza kuhesabu kwa vidole. Alipomaliza mkono wa kulia akahamia wa kushoto. Wakili alivua miwani.

Nikajua papo hapo kilichotokea, na nikatamani sakafu ipasuke nianguke kwenye vitambaa. Kwetu, kitu chako kikisifiwa, hukai kimya. Mtu akisema "Kanga nzuri hiyo," unamjibu, "Yako hiyo." Akisema "Bakuli zuri," unamjibu, "Lako hilo." Ni adabu, na pia ni kinga, kwa sababu jicho la mwenye kusifu lina mambo yake, na ukishamwambia ni chake atahusudu nini? Aliyeambiwa naye anajua wajibu wake. Anasema, "Likae kwako libarikiwe," na kila mtu anabaki na bakuli lake. Tumelelewa hivyo wote. Hakuna aliyewahi kuondoka na bakuli.

Na kuku wa juu ya birika alikuwa amesifiwa sana.

Nilimweleza wakili. Alisikiliza kwa makini, akaandika kitu, kisha akacheka kidogo kwa kujificha. "Mama, hiyo si kitu mbele ya sheria. Nembo haihami kwa mdomo. Lazima kuwe na maandishi, saini, na msajili aandike kwenye daftari lake. Hayo ni maneno ya ukarimu tu. Saini bila wasiwasi."

"Wewe sheria yako inaishia wapi?" shangazi aliuliza.

"Inaishia... mahakamani."

"Basi mimi nakwenda mbele zaidi ya hapo." Akaweka kalamu chini. "Hapa pameandikwa sijapata kumpa mtu. Nimewapa. Nimetamka kwa ulimi huu. Siwezi kwenda kusimama Arafa na karatasi ya uongo nyuma yangu."

"Basi tuifute hiyo sehemu," nikasema haraka.

Wakili alitikisa kichwa. Kifungu kile ndicho kilichonilinda mimi, alisema. Bila hicho, mtu yeyote angeweza kujitokeza kesho akadai aliahidiwa. Nilimwaza baba mdogo, nikakubali. Shangazi ndiye aliyetoa suluhisho, tena kwa furaha ya mtu ambaye hatatembea peke yake. Anakwenda kuaga watu na kuomba radhi, sivyo? Basi tutakwenda kwa kila aliyeambiwa "yako hiyo", naye atairudisha. Wakili atatuandikia karatasi fupi, mtu anatamka hadai haki yoyote juu ya kuku, wala juu ya birika, anaweka saini, tunasonga mbele.

Tulipokuwa tumesimama kuondoka, wakili akakumbuka swali moja. Nembo inahama pamoja na sifa njema ya biashara, au bila hiyo?

"Sifa njema ni nini?" shangazi aliuliza.

"Ni ile hali ya watu kuipenda bidhaa na kurudi kuinunua tena."

Shangazi alinipima kuanzia kilemba mpaka ndala. "Andika pamoja," akasema. "Akiachiwa huyu aitafute mwenyewe tutakufa na njaa."

Orodha ilikuwa na watu kumi na mmoja. Walio wengi walikuwa palepale Usagara, na siku mbili zilitosha. Fundi cherehani wa nyumba ya tatu alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni, akasaini. Mwalimu mstaafu alisoma karatasi mara mbili, akasahihisha nukta, akasaini. Jirani yetu wa ukuta mmoja aligoma kwanza, akidai kwamba kama ni wake basi kwa miaka yote hii kuku alikuwa akila pumba za nani, na ilibidi nimletee chupa ndipo akaridhika. Kila mmoja alisema neno lilelile, "Kwani mlidhani nimeichukua?" Nami kila mara nilimgeukia shangazi kwa jicho la unaona? Hakujali. Alikuwa akikunja karatasi na kuitia kwenye pochi, uso umetulia, kana kwamba anakusanya nguo kutoka kambani kabla ya mvua.

Habari ikafika Dar es Salaam, maana habari za Usagara hazina kituo. Baba mdogo akapiga simu. Nilikuwa karibu, na sauti yake haihitaji spika.

"Dada, nasikia unakusanya saini za watu uliowaambia kuku ni wao. Mbona mimi hukuniita? Hata mimi ulishaniambia."

Shangazi alifikiri kidogo. Alikuwa anafikiri kweli.

"Weye?" akasema. "Weye hujapata kusifu kitu changu hata siku moja. Ningekwambia kwa lipi?"

Baba mdogo akauliza bei ya ndimu siku hizi, akaaga.

Wa kumi aliishi Amani, juu msituni. Alikuwa mzee wa Kisambaa aliyefanya kazi ya bustani kwenye kituo cha utafiti mpaka akastaafu, Mlutheri, mnunuzi wetu wa siku nyingi, na mtani wa kupindukia. Tulifika nguo zimelowa ukungu. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akamgeukia shangazi kabla hatujakaa.

"Umefuata kuku? Umechelewa. Nilimchinja Krismasi."

Shangazi aligutuka, wallahi niliona. Kisha wakaangua kicheko wote wawili, wakatupiana maneno ya kabila hili na kabila lile ambayo siwezi kuyaandika. Tulikula magimbi na chai. Mzee alitoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akasaini, akaandika na maneno mengine chini, akaikunja. Nilikuwa nashughulika na magimbi, sikusoma.

Aliyesoma ni wakili, siku mbili baadaye. "Hii ni nini?" akaniuliza. Chini ya saini, kwa mwandiko mzuri wa zamani, mzee alikuwa ameandika: Namrudisha kuku. Birika nabaki nalo.

"Utani," nikasema.

"Utani kwenye hati?"

"Ni mtani wake. Angefanya nini?"

Alishika kichwa. Alikuwa na hofu ya kweli. Nembo ni kitu kimoja, alisema, na ikiwa mtu ameandika kwa mkono wake kwamba nusu ni yake, tena mbele ya shahidi (shahidi nilikuwa mimi, mdomo umejaa gimbi), karatasi ile ni mbaya kuliko kutokuwa na karatasi. Nilipanda Amani mara ya pili peke yangu, kwa kiwewe na matusi niliyoyatoa nikiwa peke yangu njiani. Mzee alinipokea kwa kicheko, akasaini karatasi safi, akanipa na mkungu wa ndizi. Birika langu, akasema, nalirudisha kwa shingo upande. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na hasira, na zilibaki siku tisa.

Akabaki mmoja.

Shangazi alikuwa amemweka mwisho bila kusema kwa nini, nami nilikuwa sijauliza kwa sababu nilijua. Aliishi ng'ambo ya mto Pangani, na alikuwa mke mwenza wake wa zamani.

Asubuhi ya safari ile shangazi alivaa buibui jipya alilonunua kwa ajili ya hija. Ndani ya pantoni, maji yakipita chini yetu na mbuzi wa mtu mmoja akitafuna pindo la buibui hilo jipya bila shangazi kumwona, ndipo alipofungua mdomo.

"Unajua yule alimpataje mume wangu?"

"Aliolewa," nikasema. Ndiyo hadithi niliyoikuta nyumbani.

"Alikuwa rafiki yangu. Alikuwa akija kila Ijumaa, tunasukana. Siku moja mume wangu anapita uani na ndoo ya maji. Mume, anabeba maji! Akasema, 'Mwenzangu, una mume mzuri.' Nami nikamjibu. Nikamjibu kama tulivyofunzwa."

Ilinichukua muda. Kisha nikasema, "Shangazi! Ulimwambia wako huyo?"

"Ilinitoka tu. Kama mtu anavyosema karibu." Alimwona mbuzi, akauvuta upindo wake. "Haikupita miezi mitatu."

Naungama kwamba nilicheka. Nilijifunika mtandio, nikajifanya nakohoa, machozi yakanitoka. Sikumhurumia mpaka nilipomtazama, nikaona mikono yake imeshika pochi yenye karatasi kumi kana kwamba kuna mtu atampokonya. Hapo nikaelewa kwa nini hakusaini. Watu wote wengine tulijua kwamba neno lile ni adabu, na halina uzito. Shangazi peke yake ndiye aliyewahi kulitamka, likachukuliwa.

Mwenyeji wetu alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye meno ya dhahabu mawili na nyumba safi kupita kiasi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanipapasa shavu. Yeye na shangazi walisalimiana salamu ndefu, ya afya, ya watoto wa watu, ya nazi, ya mvua, bila hata mmoja kumtazama mwenzake machoni. Tukaletewa chai ya tangawizi na mkate wa kumimina. Mkate ule ulikuwa mtamu, nikafungua mdomo nimwambie, na shangazi akanifinya paja chini ya kitambaa cha meza. Katika nyumba ile hatukuwa tunasifu kitu.

Shangazi akaeleza. Anakwenda hija, anaomba radhi. Na kuna jambo la nembo, kwamba zamani, wakati anaanza, aliwahi kumwambia ni yake. Sasa anataka kuihamishia kwa binti wa kaka yake, na anaomba airudishe. Nikatoa karatasi, nikaweka kalamu juu yake.

Mwenyeji alitafuna mkate wake taratibu mpaka ukaisha.

"Nakumbuka," akasema. "Uliniambia yako hiyo."

"Nilikwambia."

"Basi si ni yangu?"

Wakili alikuwa amesema si kitu mbele ya sheria, lakini wakili hakuwa pale, na kwa shangazi sheria ilikuwa imekaa mbele yetu na meno mawili ya dhahabu. Akikataa huyu, hakuna saini. Hakuna saini, kuku anakwenda kwenye sosi. Nilitaka kupiga magoti. Nilitaka pia kumrushia birika la chai.

"Ni yako," shangazi alisema polepole. "Ndiyo maana nimekuja kuomba."

Yule mama aliinuka, akaingia ndani. Alirudi na chupa tupu ya achari, ya zamani kabisa, lebo yake imefifia kuku amekuwa kivuli. Alikuwa akiwekea karafuu. Akaiweka mezani katikati yao.

"Kitu kilichotoka kwa kusifiwa, kirudi kwa kusifiwa," akasema. "Isifu."

Shangazi aliitazama ile chupa. Mimi nilidhani litakuwa jambo jepesi, maneno mawili tu. Lakini alikaa. Alifungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa nyumba ya aliyekuwa mume wake, vile vikombe vilikuwa vya mume wake, na mara ya mwisho sifa ilipotumika kati ya wanawake wale wawili ilibeba mtu mzima. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Nikawaza, hataweza. Atakwenda hija na kiburi chake, nami nitabaki na ndimu zangu.

"Nembo nzuri," shangazi akasema mwishowe. "Mashaallah."

"Yako hiyo," yule mama akajibu.

Na akachukua kalamu, akasaini, herufi kubwakubwa. Alipomaliza hakuiachia ile karatasi. Aliishika upande wake, shangazi kaishika upande wake.

"Na yule mwingine," akasema, "nilijua ni adabu. Siku ile. Nilijua kabisa, nikafanya sijui."

Shangazi hakuuachia upande wake.

"Ningekurudishia na yeye, lakini keshatangulia. Nisamehe, mwenzangu. Usende nalo huko."

Ndege walikuwa wakigombana kwenye mabati. Shangazi alivuta karatasi, ikaachiliwa. Akaikunja, akaitia pochini pamoja na zile kumi, akafunga zipu.

"Alikuwa bado anakoroma?" akauliza.

"Panya walihama."

Wakacheka. Walicheka vibaya, bila heshima, watu wazima wawili, mmoja na mguu wa kwenda Makka, mpaka yule mama akawa anapiga meza na karafuu zinaruka. "Nimekusamehe," shangazi akasema katikati ya kicheko, akifuta macho. Mkate tulifungiwa wote uliobaki. Sikuusifu, nikaula kwenye pantoni.

Kesho yake alisaini. Wakili alizipanga karatasi kumi na moja nyuma ya hati, akagonga muhuri, akasema tangu aapishwe hajapata kuona mhamishaji mwenye hati safi kama ile. Maombi yakapelekwa kwa msajili. Shangazi akaaga, akasomewa dua, akaondoka.

Cheti kilitoka yeye akiwa hukohuko. Mmiliki: jina langu, limeandikwa sawasawa, herufi zote. Nililitazama kwenye simu jikoni, kati ya ndoo za ndimu, nikasubiri kujisikia mmiliki. Sikusikia kitu. Nilijisikia kama mtu aliyeachiwa funguo ashike kidogo. Nilimtumia shangazi picha. Alinijibu kwa sauti, nyuma yake umati unavuma: "Alhamdulillahi. Chupa umezifunika?"

Alirudi amekonda, mweusi kwa jua, ana zamzam kwenye vidumu na tende kwa kila mtu. Nyumba ilijaa siku tatu. Siku ya nne, watu walipopungua, aliingia jikoni ambako nilikuwa nabandika lebo mpya, akakaa kwenye kibao chake cha mbuzi ya nazi, mahali pake pa siku zote. Alichukua chupa moja, akaigeuza mwangani. Alimtazama kuku kwa muda mrefu, kama hajawahi kumwona.

"Nembo nzuri hii," akasema. "Mashaallah."

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nililelewa na mwanamke huyuhuyu. Yeye ndiye aliyenifunza, kwa makofi, nikiwa na miaka mitano, kwamba mtu mzima akisifu kitu chako humwachi mkono mtupu. Nusu ya "yako" ilishatoka, nikaikata kwa meno. Nikaona jicho lake. Halikuwa jicho la hajati anayefurahia achari. Lilikuwa la yule mama wa ng'ambo, ameshika upande wake wa karatasi.

Nilifunga mdomo. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Sijapata kuwa mkosa adabu kiasi kile mbele yake, tangu kuzaliwa.

"Asante, Shangazi," nikasema.

Akasubiri. Nami nikasubiri. Ndimu zilikuwa zinachemka.

Basi akaiweka chupa mapajani, akafungua pochi yake, ileile iliyobeba zile karatasi.

"Bei gani?" akaniuliza.

Nikamtajia. Ilibidi nimgeuzie mgongo, nikoroge sufuria, maana macho yalikuwa yananitoka maji na sikutaka aseme ni ndimu. Sikumpunguzia.